Neno la Siri la Baba

Kompyuta mpya tuliyomnunulia baba ilimtoa jasho. Aliigusagusa skrini, kisha akanirudishia kwa adabu. "Samahani, dada, hii si yangu."

Mwezi wa tatu sasa ananiita dada. Mimi ni binti yake wa kumzaa.

Nikamshushia kutoka juu ya kabati ile kuukuu aliyoifanyia kazi miaka ishirini, nikaipangusa vumbi, nikaiwasha. Haina picha hata moja: skrini nyeusi, maandishi ya kijani, kimstari kinachowakawaka. Baba akakaa kama mtu aliyerudi kwake. Ikamuuliza jina, vidole vikaandika vyenyewe. Ikadai neno la siri.

"Geuka, dada," alisema. "Kazini kwetu neno la siri haliangaliwi."

Nikageuka nusu. Mashine zile ukiandika neno la siri hazionyeshi hata nukta, basi nikaviangalia vidole vyake. Vilitua taratibu, herufi moja moja: K, I, D, O, T, I.

Mkono ukanienda shavuni, kwenye kidoti cheusi nilichozaliwa nacho. Ni baba peke yake aliyewahi kuniita hivyo.

"Umechungulia, dada," akasema. "Sasa itabidi nilibadilishe."