Msemaji wa Kwanza

Luhaga aliinama mbele ya ndoo iliyopinduliwa, akaisalimia simu.

"Mwangaluka."

Simu haikuitikia. Iliandika tu. Methodius, kijana wa Bukoba aliyepangiwa kazi Bariadi, akageuza kioo watu waone: *Msemaji wa Kwanza: Mwangaluka.* Mkutano wa kijiji, huko Bukundi, ukapiga makofi kama vile ng'ombe kazaa mapacha.

"Inaandika kila kinachosemwa," Methodius alieleza. "Majina haiyajui, inatambua sauti tu. Mwishoni tutajaza nani ni nani, halafu muhtasari naondoka nao leo hii. Bila muhtasari wenye maazimio, fundi wa pampu haji."

Luhaga alikuwa ameisubiri mashine ya namna hii siku nyingi. Kila mkutano alisema, na kila mkutano mtendaji, binti Jenifer, aliandika anavyotaka yeye: kikao kilifunguliwa, kikafungwa, watu wakatawanyika kwa amani. Amani gani? Pampu ilikufa tangu mavuno ya pamba. Mwanaume wa umri wake sasa alisukuma baiskeli ya madumu hadi mtoni, akafukue mchanga ndipo apate maji ya uji. Nyamizi alipokuwa hai, yeye aliyakuta maji mtungini tu. Alipomzika mkewe ndipo alipoujua umbali wa mto, na ndipo uongozi ulipoanza kumkera sawasawa.

"Andika," aliiambia simu. "Kijiji hiki kina mwenyekiti wa bure kabisa."

Watu waliguna. Mama mmoja aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika.

"Mzee, taratibu," Jenifer alinong'ona.

"Taratibu ndiyo imetufikisha hapa, mayu, mama yangu! Pampu imekufa, yeye anakula, anashiba, analala. Barua ya kumwomba fundi inataka sahihi yake tu. Sahihi! Hawakumwomba figo!"

"Umeshamwuliza lakini?" Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Sayi, jirani yake, mama ambaye ulimi wake haukuwahi kumwonea mtu huruma.

"Namwuliza kila siku. Nikilala namwuliza, nikiamka namwuliza. Hana jibu."

"Mimi nilimfuata hadi kwake." Sayi akasimama kabisa, akamkazia macho Luhaga. "Akaniambia suala liko juu, linashughulikiwa."

"Umesikia?" Luhaga akaigeukia simu. "Liko juu! Juu wapi, juu ya bati? Na wewe Sayi ukanyamaza?"

"Ningesemaje, shemeji, na maziwa yake nilikuwa nayo mdomoni?"

"Ndivyo wanavyotumaliza! Unaenda na hasira zako, wanakupa maziwa!"

Mkutano uliangua kicheko. Methodius naye alitabasamu. Ofisini walimwambia kuwa watu wa huku hawaogopi viongozi, na sasa alikuwa anajionea. Mbuzi mmoja, aliyefungwa jirani na ndoo, akalia. Simu ikaandika: *Msemaji wa Tano.*

"Huyo nimfute?" Methodius aliuliza.

"Mwache," Luhaga alisema. "Yeye angalau anasema wazi."

Kisha akavuta pumzi, na sauti yake ikashuka.

"Andika na hili. Huyo mwenyekiti hasaini kwa sababu anaogopa karatasi. Kusoma kwenyewe anabahatisha. Tulimchagua kwa kuwa anajua kuongea, basi. Wakubwa wakileta karatasi, wanamwambia tia sahihi hapa, mzee, hapa na hapa. Mara moja alitia, kumbe ametoa malisho ya ng'ombe wetu. Tangu hapo kila karatasi anaificha chini ya godoro. Barua ya fundi iko huko huko, analala juu yake."

Kicheko kilikatika. Sayi alikaa chini polepole.

"Hatukulijua hilo," akasema.

"Mngelijuaje? Mtu mzima atasimama hapa aseme kusoma kumemshinda? Anaona bora tufe kiu." Luhaga aliinua mkono wake juu. "Natoa hoja aondoke. Leo. Sayi amemaliza darasa la saba, akaimu yeye, asaini barua ya fundi hapa hapa tukimwona. Anayekubali anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Watu walitazamana.

"Nyoosheni!" alifoka. "Mnamwonea haya nani? Maji mnayataka au hamyataki?"

Sayi ndiye aliyeanza, huku ameangalia chini. Mikono mingine ikafuata, mmoja mmoja, hadi ikajaa. Mbuzi akalia tena.

Methodius alibonyeza kioo, simu ikasoma muhtasari kwa sauti ya kike ya mjini, yenye adabu nyingi: "Msemaji wa Kwanza alipendekeza mwenyekiti aondolewe. Msemaji wa Tano aliunga mkono. Mkutano uliazimia kwa kauli moja. Bi Sayi atakaimu na kusaini barua ya fundi."

"Hakuna kilichoachwa," Luhaga alisema, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hakuna hata kimoja."

"Sasa majina," Methodius alisema. "Msemaji wa Kwanza anaitwa nani?"

"Luhaga Mahona. Kwa herufi kubwa."

Kijana akaandika. "Na huyu mwenyekiti aliyeondolewa?"

Jenifer aliinamia viatu vyake. Sayi alimgeukia Luhaga.

"Hilo hilo, mwanangu," Luhaga alisema. "Na usipunguze neno."