Mtani Katika Msiba wa Mtandaoni

Gari lilikuwa limeshaondoka na jeneza la Mzee Luvanda. Watu hamsini wakitulia mtandaoni mpaka amina ya mwisho, lingepinda kulia kwenda makaburini. Akipungua hata mmoja, lingepinda kushoto kwenda kwenye tanuru la kuchomea maiti. Ndiyo sheria ya misiba siku hizi, maana kukusanyika kumekatazwa.

Bintiye, Atanasia, alikuwa amejipanga haswa. Alifanya mazoezi na mchungaji, akajaribu vipaza sauti, akawahimiza wazee wachaji simu mapema. Walipoingia watu hamsini na wanne, akashusha pumzi.

Ndipo akatokea Komba, Mngoni wa Songea, mtani wa marehemu.

"Wahehe ninyi, huyu hajafa! Anakwepa jembe tu. Luvanda, amka, mvivu wewe! Hata kaburini unataka ubebwe?"

"Baba Komba, nakuomba, nyamaza!" Atanasia akasihi.

"Nikinyamaza mimi, mwanangu, nani atamsindikiza?"

Watu wakacheka, kama ilivyokuwa desturi ya Wahehe tangu zamani, mtani akitania msibani. Mtambo uliosimamia ibada ukamtoa Komba kwa kosa la kufanya fujo, kisha ukaanza kuwatoa waliocheka, mmoja mmoja. Hamsini na mmoja. Arobaini na nane. Atanasia mwenyewe alikuwa ameuma upindo wa khanga, asicheke.

Mzee Luvanda alichomwa. Komba alifungiwa misiba yote, akafa mwaka uliofuata. Waliohudhuria msiba wake mtandaoni walikuwa saba, kimya, naye akachomwa. Atanasia sasa huwapangia wengine misiba, na hapungui mtu. Watani hawaalikwi.