Homa ya Kustaafu

Mtaani kwetu sikukuu hatupiki pilau, tunapika uji. Kila mfanyakazi wa kiwandani ana kidude chini ya ngozi ya bega. Kinazishika zile protini ambazo seli hutumia kuitana mwili unapoumia au kuingiwa na vijidudu. Zikishikwa, hakuna homa, uvimbe wala maumivu, na kazi inaendelea. Siku ya likizo kidude hufunguliwa, na yote yaliyozuiwa huja kwa mkupuo.

Nimechoka. Likizo za mume wangu nimezimaliza nikikamua vitambaa vya maji na kumgeuza kitandani. Majirani hawaji kumkaribisha, wanakuja kunipa pole.

Kisha Baba Shani akaacha kwenda likizo. Kazi imebana, akasema. Mtambo ukamgonga goti, jino likaoza, kifua kikaingia vumbi, na hakuna kilichomuuma. Nilijua anaogopa. Sikumhimiza aende, maana na mimi nilikuwa napata usingizi.

Leo amestaafu. Mstaafu lazima akifungue kidude kabla jua halijazama, na hakifungwi tena. Amerudi na shada la maua shingoni, paji la uso baridi kama kawaida. Kitanda nimeshatandika, beseni limejaa maji. Na kwa mara ya kwanza, nimepika pilau.

"Mama Shani, nikifungue sasa au baada ya kula?"

"Kula kwanza, mume wangu."

Akala polepole. Alipomaliza akaomba aongezewe, na nilimwona wazi ameshashiba.

Nikamwongezea.