Asubuhi Moja kwa Ajili ya Mama

Mama alipanda ngazi za kliniki akichechemea mguu wa kulia. Nyumbani alikuwa akichechemea wa kushoto, lakini binti yake alikuwa amechoka mno kushika habari za miguu. Alikuwa nyuma, ngazi tano chini, akijivuta kwa ukingo.

"Njoo basi," mama alisema. "Mgonjwa ni nani hapa?"

"Nakuja. Ni visigino tu, kusimama kumezidi."

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, siku sita kwa wiki. Bosi alimpa ruhusa ya asubuhi moja kwa ajili ya mama. Kwa ajili yake mwenyewe asingethubutu kuomba. Wiki tatu sasa mama analalamikia viungo, na usingizi wa binti umeruka. Mama akilemaa, nani atamwogesha? Wako wawili tu.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimuuliza mama viungo vinakaza kwa muda gani akiamka.

Mama akamgeukia binti. "Mweleze wewe, mwanangu. Mimi maneno yananipotea."

"Kama saa nzima," binti alijibu. "Mpaka atie vidole kwenye maji ya moto. Vifungo vya nguo vinamshinda. Na uchovu, daktari. Analala amechoka, anaamka amechoka."

"Umejuaje yote hayo?"

"Si naishi naye."

Daktari akaandika. "Na ngozi? Nyumbani kuna mwenye soriasisi, yale magamba?"

"Ninayo mimi." Akavuta mkono wa blauzi kufunika kiwiko. "Tangu niko shule. Nimeshaizoea, haina neno. Tumtazame mama."

"Haiishii kwenye ngozi kila mara," daktari alisema taratibu. "Kwa wengine huingia mpaka kwenye viungo. Tukichelewa vidole hupinda, na vikishapinda havinyooki."

Binti alimtazama mama yake, machozi yakamlengalenga. Akatoa chupa ya maji kwenye mkoba.

"Kunywa kidogo, mama."

Akahangaika na kifuniko. Hakikutoka. Mama akaichukua, akaifungua kwa msokoto mmoja, akamrudishia.

"Kunywa wewe kwanza. Umekauka midomo."

"Tutaanza na picha ya mikono," daktari alisema, "halafu tupime presha na sukari, maana navyo huandamana na ugonjwa huu. Jalada nililifungua wiki iliyopita, mama alipokuja peke yake."

"Alikuja peke yake?"

Daktari akasukuma kadi mezani. Binti akaiokota kwa kidole gumba na cha shahada; cha kati kilikuwa kimevimba chote na hakikunjiki. Jina lililoandikwa juu ya kadi lilikuwa lake.

Mama akainuka, bila kuchechemea mguu wowote.

"Haya, mwanangu. Mwoneshe daktari hicho kidole."