Bibi Upande wa Madeni

Katika taarifa ya mjukuu wake, Bibi aliandikwa upande wa madeni, tena juu kabisa.

Mjukuu aliisoma kwa sauti kavu mbele ya wanachama wote wa chama cha kuzikana, katika darasa walilokuwa wakiazima Jumapili, ambako madawati ya watoto yaliwabana watu wazima magoti. Binti huyo alikuwa akimalizia stashahada ya uhasibu, na kazi yake ya mwisho ilikuwa hiyo: chagua taasisi moja, pitia hesabu zake, kisha ueleze hesabu hizo zinabadilisha vipi maisha ya watu. Akifaulu, benki moja ilikuwa tayari kumwajiri. Alisema amechagua chama cha bibi yake kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Hoja yake haikuwa na maua. Chama kimeahidi kumzika kila mwanachama: jeneza, gari, chakula cha waombolezaji. Basi kila aliye hai ni deni ambalo siku yake haijafika. Vijana ni deni la mbali. Waliokula chumvi nyingi wako mlangoni. Bibi alikuwa amewapita wote kwa umri, na alitaka akazikwe kwao, mwendo wa kutwa nzima kwa gari.

"Akifariki mwaka huu, mfuko unakauka," alisema mjukuu, akafunua ukurasa. "Atakayemfuata itabidi ajizike mwenyewe."

Watu waligeuka kumtazama Bibi. Bibi akakohoa, na kwa mara ya kwanza kikohozi chake kikasikiwa.

Kilikuwa kimemshika tangu mvua zilipoanza, maana chumba chake kilivuja hadi godoro likaota ukungu. Nesi mstaafu wa mtaani alikuwa amesema wazi kwamba kifua kile hakitavumilia msimu mwingine wa unyevu. Bibi alikwenda kwa mwenyekiti wa chama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kuomba akopeshwe mabati machache kwa dhamana ya michango yake. Mjukuu ndiye aliyemsindikiza. Mwenyekiti aliwapa viti, akawapa na pole, kisha akaeleza kwa upole wote kwamba katiba haimruhusu.

"Mfuko huu ni wa maiti, mama. Wazima hauwahusu."

Nyuma yake mabati yalikuwa yamepangwa hadi kwenye dari. Bibi alishukuru, wakarudi nyumbani.

Sasa mwenyekiti huyohuyo alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto, macho yamemtoka pima. Katika orodha ya madeni, yeye alikuwa wa pili. Akamgeukia mhazini, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kupokea michango na kukata risiti, akamuuliza kama mambo ndivyo yalivyo. Mhazini alijikuna kichwa. Alisema namba ni zake, hilo halikatai, ila hajawahi kuziona zimepangwa namna ile. Na kwa kuwa zilikuwa zimepigwa chapa na kuwekewa mistari miwili chini ya jumla, hakuna aliyethubutu kubisha.

Kesho yake asubuhi fundi alikuwa juu ya paa la Bibi. Mabati yalikuwa mapya, ya unene mzuri, na hakuna aliyeitaja katiba.

Nesi naye akaanza kupita kila siku na kipimo cha presha. Wanawake wa chama wakagawana zamu za kumchotea maji na kumpikia supu, wasije wakamkuta ameteleza kisimani. Godoro jipya liliingia bila kusema limetoka wapi. Bibi akipiga chafya, mtu anatoka mbio kutafuta dawa. Mwenyekiti, ambaye zamani alimsalimia akiwa ameshapita, sasa alisimama mlangoni kuuliza amelalaje, na jibu likiwa "salama" uso wake ulikunjuka kabisa. Walimlea kama yai, kila mmoja akiwaza mazishi yake mwenyewe.

Bibi alinenepa, kikohozi kikakatika, lakini moyo wake ulikuwa na donge.

"Nimekulea tangu mama yako alipotuacha," alimwambia mjukuu wake jioni moja. "Nimekusomesha kwa kuuza karanga. Leo umesimama mbele za watu ukaniita deni."

Mjukuu aliinamisha kichwa, akasema hesabu ndizo zilizosema, si yeye. Maneno ya bibi yake yalimuuma kuliko alivyotarajia. Bibi hakumsemesha tena wiki hiyo, na mtaani watu walisema hivyo ndivyo elimu inavyomnyausha mtu roho.

Mwisho wa muhula mwalimu wake alimwita ofisini. Taarifa ilikuwa mezani, imejaa wino mwekundu.

"Umehesabu vifo vyote vya kesho," alisema mwalimu, "lakini michango ya kesho hukuihesabu hata senti. Hawa watu wanachanga kila mwezi. Chama hiki kinaweza kumzika bibi yako mwaka huu na chenji ikabaki. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwafundisha wenzako mada hii. Ilikuwaje?"

Binti aliinamia ule wino mwekundu. Mwalimu alidhani ni aibu, akamwonea huruma. Akamwambia hana nia ya kumharibia maisha: airekebishe taarifa kufikia Ijumaa, atampa alama za kufaulu, na benki haitajua lolote. Asiporekebisha, atarudia mwaka. Ila ikisharekebishwa, nakala sahihi lazima ipelekwe kwa chama, kwani si haki watu wazima kuishi kwa hofu isiyo na msingi.

Binti aliisukuma taarifa kurudi upande wa mwalimu.

"Niandikie nimefeli, mwalimu," alisema. "Na hiyo yenye wino mwekundu, nakuomba sana, kaa nayo mpaka bibi afe."