Majembe Matano

Majembe matano yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta wa ghala, na afisa wa ruzuku aliyashika moja moja.

Ruzuku ya pampu ya maji ilikuwa ya vikundi tu, na kikundi ni wakulima wasiopungua watano. Mama mwenye shamba alikuwa ameandika jina lake na majina ya majirani wanne. Fomu haikuuliza, naye hakusema, kwamba wote wanne walishahamia mjini na kumwachia funguo za nyumba zao.

"Wenzako wako wapi, mama?"

"Wameenda mtoni mara moja. Hawakawii."

Afisa alipitisha kidole kwenye mpini wa kwanza, akapangusa utando wa buibui. Wa pili vilevile. Wa tatu na wa nne ilikuwa imeanza kuliwa na mchwa.

Wa tano uling'aa. Ulikuwa umelainika kama kijiko cha zamani, umebonyea mahali pawili, pale mikono inaposhika kila siku.

Mama alificha viganja vyake kwenye mikunjo ya gauni.

Afisa alifunga faili, akaitazama njia, haikuwa na mtu. Kisha akavuta benchi lililokuwa mlangoni.

"Basi nitawasubiri. Leo sina haraka."

Ukweli ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa mama. Lakini alimwona afisa akikaa, akinyoosha miguu, kwenye benchi ambalo tangu masika halijakaliwa na mgeni.

"Kaa, mwanangu," alisema, akienda kuinjika chai. "Huenda wakakawia."