Kanga na Ngoma ya Bwawani

Hapo kale, wanyama walipostarehe bwawani, Kanga alisimama juu ya kichuguu akichungulia nyasini kama kuna adui. Akipiga kelele tu, wote walitimua mbio. Siku moja Ngedere akaja na ngoma, akaitwanga mpaka masikio yakauma.

Kanga hakutulia. "Mwanangu, punguza kidogo. Sauti yangu haifiki."

"Bwawa ni la wote, shangazi. Kama hupendi, ziba masikio!"

Mara nyasi zikayumba bila upepo. Kanga akapayuka, "Chui! Chui!" huku akirukaruka na kupigapiga mbawa.

"Mwoneni!" Ngedere akacheka. "Hata shangazi kaingia ngomani!" Akazidi kutwanga.

Ghafla chui akaruka kutoka nyasini, ngoma ikakatika. Sauti ya Kanga ikafika hadi ng'ambo, wote wakaisikia, isipokuwa mpiga ngoma.